Uzoefu wangu: kebo ya spidomita ya Landrova ya jeshi, mafundi wawili wa Dodoma

Nina Landrova Series III, 109 ile ndefu, niliinunua kwa mtu Kongwa. Kwamba ilikua ya jeshi huna haja ya kuuliza, we ingia uvunguni tu utakuta difu ya nyuma imepakwa rangi nyeupe na kuna kataa kadogo kanaimulika, ni ya kutembea msafara usiku taa kubwa zote zimezimwa, anaefuata nyuma anaangalia ule weupe basi. Injini haina neno. Kero ilikua spidomita, mshale unaruka ruka kutoka 20 mpaka 40 halafu unarudi, na asubuhi kukiwa na baridi dashibodi inalia kama panya kabanwa mlangoni. Na geji yenyewe ni ya maili, kwahiyo ukifika kwenye kibao cha 50 lazima ukumbuke kwamba kwako ni 30, sasa kama mshale hautulii unajuaje uko ngapi? Barabara ya Morogoro kule Kibaigwa na tochi zake za trafiki mnaijua wenyewe.

Gereji ya kwanza siitaji. Kijana akachomoa waya wa ndani ya kebo, ule unaozunguka kuendesha geji, akachota grisi ya beringi na kidole, akaupaka wote kuanzia mwanzo mpaka mwisho kama anapaka mtoto mafuta, akarudisha. Elfu kumi, nusu saa. Nikafurahi kweli, mshale ukatulia tuli, nikamsifia hadi kwa watu.

Wiki tatu baadae naenda Bahi, mshale unasoma 60, yaani karibu kilomita mia kwa saa, na pembeni yangu boda boda kapakia magunia mawili ya mkaa ananipita huku ananiangalia.

Ndo nikaelekezwa kwa mzee mmoja Majengo, anafanyia nyumbani kwake chini ya mwarobaini, hana hata kibao. Shikamoo, marahaba, swali lake la kwanza likawa "nani kaipaka grisi?" hata hajafungua kitu. Akatoa geji, akaifungua, akanionyesha. Ndani kuna sumaku inayozungushwa na kebo, na juu yake kuna kikombe cha aluminiamu ndo kimeshika mshale, hivyo viwili havigusani kabisa, sumaku inakivuta kikombe kwa hewani na kuna kaspringi kembamba kama unywele kanakirudisha. Sasa kebo inavyozunguka inapandisha grisi taratibu kama skrubu, ikaingia humo, ikachanganyika na vumbi letu, kikombe kikawa kinaburuzwa na ule uji. Lazima mshale usome juu! Akasafisha kwa pamba iliyofungwa kwenye kijiti na petroli kidogo, ule uso wenye namba hakuugusa akasema rangi itaondoka na hatapata ya kurudishia.

Kebo yenyewe ndo ilichukua muda. Waya wa ndani akauloweka kwenye mafuta ya taa, ganda la nje akalining'iniza kwenye tawi akamimina petroli juu, ikatoka chini nyeusi tii, akarudia mpaka ikatoka safi, halafu akampa mjukuu wake alipeleke kwa mtu wa pancha likapulizwe upepo. Waya ulipokauka akaulaza kwenye kioo cha dirisha akawa anauzungusha kwa vidole. Pale uliponyooka unazunguka vizuri tu, lakini sehemu moja ukawa unajirusha kama mkia wa mjusi. Kumbe huko ndo ulikojikunja, na hapo ndo panapokwama, unajisokota, ukiachia mshale unaruka. Akanyoosha kadri ilivyowezekana, ila akaniambia wazi kwamba ukirudia ninunue mpya, hakuna dawa nyingine.

Grisi aliyotumia ni nyepesi, yenye grafaiti, na alipaka kiduchu mno mpaka nikataka kumwambia aongeze. Akausukuma ndani, akauvuta tena kama shibiri moja ule upande wa geji, akafuta pale pote pakawa pakavu. Wakati wa kufunga akahakikisha ncha ile ya pembe nne inachungulia nje kama sentimita moja, halafu akakataa njia niliyokua nimepitishia kebo, ilikua imekunjwa kona kali nyuma ya dashibodi. Kaipitisha kwa kona pana, isiyobana kuliko duara la sahani ya wali, kafunga na kamba ya mpira.

Nimelipa elfu thelathini na tano, na nimeshinda pale siku nzima, maana mzee anaongea kuliko anavyofanya kazi, mara unga mara Simba na Yanga, na ukimharakisha anaweka spana chini kabisa. Risiti hana. Ila nimeenda Kondoa na kurudi, mshale umekaa, panya kanyamaza.

Kilichobaki ni oil sili, ule mpira wa kuzuia oili, ya pale kebo inapoingia kwenye transfa (gia boksi ile ndogo ya nyuma), imechoka, mzee kaona oili ya gia imeshaanza kulowesha waya kutokea chini na anasema hiyo nayo itapanda vilevile kama grisi. Madukani hapa nimezunguka sijaipata. Kaifunga kwa muda, kaniambia nisimrudie mikono mitupu.