C mbili kwenye dumu la oili

Kosa langu lilianza na kikaratasi. Nilikuwa nimeandika kwa herufi kubwa oili ninayoitaka: 5W-30, C3. Muuzaji akakisoma, akageukia rafu, akashusha dumu la 15W-40 na kuligeuza mgongo. "Dada, C si hii hapa?" Kidole chake kilikuwa juu ya CI-4. "Hii ndiyo ya dizeli." Gari langu la zamani, 4x4 ya dizeli vilevile, lilikunywa CI-4 miaka yote bila kulalamika. Moyo ukatulia, nikalipa.

Lile la zamani halikuwa na filta ya masizi kwenye ekzosi. Hili linayo. Nilimwaga oili kwa wakati, nikabadilisha na filta ya oili kila mara, nikajiona mtunzaji hodari. Baada ya miaka miwili hivi gari likaanza kujichoma masizi kila mara, hata harufu ya kuungua nikaizoea. Kisha siku moja kwenye mlima taa ikawaka, nguvu zikakata, nikamalizia kupanda kwa mwendo wa baiskeli. Fundi alipoishusha filta na kuigonga juu ya kipande cha kartoni, kilichodondoka kilikuwa unga wa kijivu, mwepesi, unaoruka hata kwa pumzi. Akausugua kati ya vidole viwili. "Masizi ni meusi, dada. Haya ni majivu ya oili."

Sitamtwika muuzaji yote. Gari lilikuja kwangu na kilomita zake na majivu yake. Lakini yaliyoongezeka niliyaongeza mimi, kwa madumu niliyoyalipia mwenyewe.

Kwa hiyo usitarajie hapa hadithi ndefu ya namba kubwa ya uzito wa oili iliyo usoni pa dumu. Kama ni 15W-40 au 5W-30, kitabu cha gari kimeshasema, kifuate. Mimi nataka uligeuze dumu usome mgongoni.

Oili ya injini ya dizeli hutiwa madini ya kalsiamu au magnesiamu ya kusafisha injini na kuua asidi, na zinki ya kuzuia vyuma visilane. Kila injini huunguza oili kidogo, hata iliyo nzima. Mafuta yenyewe hutoka na moshi, madini yanabaki majivu. Filta ya masizi, ile mafundi wanayoiita DPF, hukamata masizi na majivu pamoja. Masizi huungua filta inapopata moto wa nyuzi 600 hivi. Majivu hayaungui kwa moto huo wala kwa safari ndefu ya barabara kuu ambayo kila mtu hukushauri. Yatakaa humo mpaka filta itolewe ikasafishwe, au ununue nyingine, na bei ya filta mpya ni ya kutajiwa ukiwa umekaa.

Sasa zile C. Kwenye alama za API, taasisi ya petroli ya Marekani, C ni oili ya dizeli na S ni ya petroli. Kwenye alama za ACEA, chama cha watengenezaji magari wa Ulaya, C ni kundi la oili zenye majivu machache, ziwe za dizeli au za petroli. Herufi ni ileile ila hazina undugu wowote. ACEA C3 hairuhusiwi kuzidi asilimia 0.8 ya majivu. API CI-4, daraja la mwaka 2002, haina kikomo cha majivu. Kikomo cha API kilikuja na CJ-4 mwaka 2006, asilimia 1.0, na CK-4 iliyofuata mwishoni mwa 2016 ikabaki hapohapo. Muuzaji wangu alisoma C akaona C, na mimi niliyekuja na kikaratasi nikakubali kusomewa.

Mpangilio wangu ni huu, na niseme mapema kuwa mimi ni shabiki wa oili za Shell, sijifichi.

Namba moja ni Helix Ultra ECT C3 5W-30, kwa gari lenye filta ya masizi ambalo kitabu chake kinataka C3. Nimeiweka juu kwa sababu ambayo wataalamu wataicheka: C3 imo ndani ya jina lenyewe. Sihitaji tochi ya simu wala kubishana na mtu kaunta. Mobil 1 ESP 5W-30 na Liqui Moly Top Tec 4600 nazo zina C3, ukizikuta wewe chukua, sitanuna. Ila angalia: Toyota nyingi za dizeli zenye filta huomba ACEA C2 au JASO DL-1 ya Wajapani, ambazo ni oili nyepesi zaidi, na DL-1 huishia asilimia 0.6 ya majivu. Kama lako ni mojawapo ya hizo, achana na C3 yangu.

Namba mbili ni Rimula R4 L 15W-40, kwa pikapu za turbo zinazobeba mizigo na kuvuta tela, ambazo kitabu chao kinakubali CJ-4 au CK-4. Oili ya CK-4 hufanya pia kazi ya CI-4, kwa hiyo mwenye magari mawili, moja la CK-4 na jingine la CI-4, anaweza kuweka dumu la aina moja tu. Usiichanganye na FA-4, ambayo ni ya injini chache za malori mapya na hairudi nyuma.

Namba tatu ni Rimula R4 X 15W-40, CI-4, kwa wazee wasio na filta yoyote: Toyota 1HZ ya lita 4.2, Nissan TD42 na wenzao. Hapa wimbo wangu wa majivu nauzima. Madini yaleyale yanayoacha majivu ndiyo yanayoua asidi ya salfa, na nguvu hiyo hupimwa kwa namba iitwayo TBN. CI-4 nyingi huwa na 10 au zaidi, C3 kwa kawaida 6 hadi 8. Ukijaza dizeli yenye salfa nyingi, C3 ya bei mbaya itachoka mapema kuliko hii. Na tazama vizuri: X na L ni jina moja, uzito mmoja, herufi moja tofauti. Isome mara mbili kabla kifuniko hakijafunguliwa.

Za bei rahisi? CF-4 ni daraja la 1990, API yenyewe imeshalistaafisha. Ya kupimiwa kwa lita kutoka kwenye pipa lisilo na alama, hapana. Tuendelee.

Nina kero mbili za kumwaga hapa. Ya kwanza ni kibandiko cha bei. Mgongo mzima wa dumu uko wazi, lakini kibandiko kitawekwa juu ya mstari wa API na ACEA. Nimekuwa nikikibandua kwa ukucha nikiwa nimesimama dukani, na ninatazamwa kama mwizi. Ya pili ni ukubwa wa madumu. Injini nyingi za dizeli za lita 3 zinataka oili kama lita 7. Dumu ni la lita 5. Zile mbili zilizobaki unazinunua mojamoja, na lita ya chupa ndogo siku zote ni ghali kuliko lita ya dumu, kwa hiyo unaona bora ununue dumu la pili na kubaki na lita tatu zinazokaa nyuma ya mlango mpaka safari ijayo.

Halafu kuna wale wanaochomoa stiki ya kupimia oili, wakakuonyesha oili nyeusi wiki moja tu baada ya kumwaga, na kukuuzia dawa ya kusafisha injini. Oili ya dizeli huwa nyeusi upesi kwa sababu inabeba masizi, ndiyo kazi yake. Mwenye filta atazame kitu kingine kwenye stiki: kiwango kikipanda juu ya alama bila wewe kuongeza kitu, huenda dizeli ya kuchomea masizi inashuka kwenye oili, na hapo unamwaga hata kama kilomita hazijafika.

Lita tatu za CI-4 zilizobaki nyuma ya mlango wangu nilimpa yule fundi. Ana pikapu kuukuu isiyo na filta. Aligeuza dumu, akabandua kibandiko, akasoma, akasema ndiyo hasa anayotumia.