Mazoezi ya intavyuu za prodakti meneja: nawapa nyota nne

Nimekuwa kwa hii huduma ya mazoezi ya intavyuu, ile ya vikundi vidogo jioni kwa Google Meet, na kama unasaka kazi ya prodakti meneja (yule anayeamua app ama huduma itengenezwe vipi na kwa nani) hapa Nairobi tafadhali soma hii kabla hujalipa.

Penye wako vizuri sana ni yale maswali ya wazi, yale hayana jibu moja, unaambiwa tu "boresha M-Pesa" halafu watu wa paneli wananyamaza wanakuangalia. Wengi hapo wanaanza kumwaga mawazo. Kuna jamaa alianza weka hii, ongeza ile, kochi akamkata, "hizo ni za kumsaidia nani kaka?" na jamaa akakosa la kusema. Dada aliyefuata akauliza kwanza lengo ni gani, kuleta watu wapya ama hawa waliopo watumie zaidi, kisha akachagua mtu mmoja tu, mama mboga anayelipwa kwa Pochi la Biashara, ile ya M-Pesa ya wafanyabiashara wadogo. Mikono imelowa, anakata sukuma, wateja wamejipanga, mmoja anamwonyesha meseji eti nishatuma, na yeye hawezi kujua kama ni feki mpaka apanguse mikono atoe simu kwa aproni. Yaani hata sisi tuliokuwa tunasikiliza tukaona shida iko wapi! Akatoa njia tatu, akashika moja, sauti ya kutaja kiasi kilichoingia, vile Paytm, kampuni ya malipo ya simu, wanafanya kule India na kale kaspika ka dukani. Kochi hakumwachilia: soko lote likisikia ameingiza ngapi je? mwenye kabambe, simu ya kubonyeza isiyo smartphone, atafanyaje? na utajuaje imesaidia? Akasema ataangalia kama kesi za malipo feki zinapungua, si watu wangapi wamewasha hiyo sauti. Hilo jibu nimelibeba.

Sasa ile njia ya CIRCLES ya Lewis Lin, hatua 7 za kupanga jibu la maswali kama hayo, wanaifundisha na inasaidia usiruke kitu, lakini kuna wenzetu wanaikariri kama Baba Yetu, unasikia kabisa mtu anahesabu hatua badala ya kufikiria, na hapo kochi ni mpole mno, angewakata pia. Maswali ya namba, kama "oda zimeshuka ghafla wiki hii, utaanza kuangalia wapi", yanapewa dakika za mwisho watu wakiwa wamechoka, na hayo pia huulizwa sana.

Bei si rahisi kwa mtu hana kazi. Chukua ya kikundi, wachana na ya mtu mmoja, maana kumsikiliza mwenzako akibanwa kunafundisha kuliko kubanwa wewe. Na kama hujawahi kusoma chochote cha mambo ya prodakti, anza na video za bure za YouTube kwanza ndio ulipe.

Nyota ya tano watapata siku maoni ya kuandikwa yataanza kufika kabla ya kipindi kinachofuata, saa hii yanakuja ukiwa umeshasahau ulisema nini.