Kliniki ya wanyama ng'ambo ya daraja, Mombasa: paka wangu, saratani ya masikio, na uamuzi wetu

Nyota nne kati ya tano. Ile moja niliyoibana nitaieleza huko mbele, lakini hizi nne nimezitoa kwa moyo mweupe, na karibu zote ni za ile nusu saa daktari aliyokaa nasi akatueleza ugonjwa kabla hajataja bei.

Bafta ni paka dume, amehasiwa, ana miaka 11, mweupe mwili mzima na pua ya waridi. Kwetu ni Kibokoni. Mimi ni fundi wa mabuibui, cherehani yangu iko chumba cha chini, na Bafta kutwa yuko juani: asubuhi barazani, adhuhuri juu ya ukuta wa jirani, alasiri kwenye paa la jiko. Rangi ile na jua lile ndivyo vilivyomponza. Paka mweupe hana kinga ya rangi kwenye ngozi pale manyoya yanapokuwa machache, yaani ncha za masikio, kope na pua. Jua la miaka mingi huichoma ngozi hiyo mpaka ikageuka saratani. Mwenye paka mweupe huku pwani na asome hapa kwa makini. Huanza kwa wekundu ukingoni mwa sikio, kisha manyoya hupukutika, kisha hutokea kigaga kidogo. Kigaga kinabanduka, linatoka tone la damu, kinarudi palepale. Mtaani kila mtu atakwambia amepigana na dume mwenzake.

Duka la dawa za mifugo tulilokuwa tukiliendea, na jina lake silitaji, lilituuzia dawa ya kupuliza ya rangi ya buluu, ile ya mbuzi na ng'ombe, miezi kwa miezi, bila mtu yeyote pale kumshika paka akamtazama sikio. Mpaka leo jambo hili linanikera. Kidonda kinachobanduka na kurudi mwezi mzima ni cha kutazamwa na daktari. Tulipofika kliniki, ukingo wa sikio la kushoto ulikuwa umeshaliwa, na la kulia lilikuwa limeanza.

Daktari ni mtu mzima, mpole, cheti chake cha Kenya Veterinary Board kimetundikwa ukutani. Alimweka Bafta mezani juu ya taulo, akavuta taa, akanionyesha kwa kidole cha mwisho: hapa ngozi imekakamaa, hapa imemomonyoka, na huu ndio mpaka wa ngozi nzima. Akampapasa tezi chini ya taya, kisha akautwaa mkono wa mamangu akauweka palepale, ajionee mwenyewe kwamba hakuna uvimbe. Puani alikuta kidoa chekundu kisichozidi kichwa cha pini. Mimi sikuwa nimekiona.

Nikamwuliza, "Daktari, sasa tufanyeje?"

"Mama, mimi nitakwambia kila njia na inakoishia. Kisha mwende nyumbani mkalale. Leo sitaki jibu."

Akaeleza. Saratani hii ya ngozi hukawia kusambaa mwilini. Hula palepale ilipo. Kwa hiyo ikiwahiwa sikioni, ikakatwa mpaka kwenye ngozi nzima, paka wengi hukaa mwaka, hata miwili na zaidi, bila kurudiwa, na wako wanaopona kabisa. Dawa za kudungwa mshipani, zile tunazozijua kwa jamaa zetu waliougua, hapa hazina kazi kubwa. Kwa paka zinafaa zaidi saratani ya limfoma, ile ya chembe nyeupe za damu. Pua ni habari nyingine. Njia moja ni kukata ncha yote ya pua, operesheni nzito inayombadilisha paka uso. Nyingine ni kukigandisha kidoa kwa naitrojeni ya maji, yaani hewa iliyopozwa mno mpaka ikawa majimaji. Ya tatu ni mionzi, nao mashine hiyo hawana. Na tukiacha kila kitu? Masikio yataendelea kuliwa, yatoe harufu, nzi wayaandame, na maumivu yatakuwa ya miezi.

Kisha akasema jambo lililonifanya nimwamini. Akamfungua Bafta kinywa, akatazama chini ya ulimi, akasema lau angeikuta saratani hii humo, angenishauri pesa zangu nikae nazo, maana huko paka wengi hawafiki mbali hata watibiwe vipi, na kazi inayobaki ni kuwatuliza maumivu mpaka siku ya sindano ya mwisho. Daktari anayekwambia pahala ambapo asingekutoza, ukimpata mshike.

Bei nazitaja kwa sababu mimi mwenyewe nilizitafuta nikazikosa. Kumwona daktari shilingi 2,000. Kupima damu 4,500, eksirei ya kifua 5,000, operesheni ya masikio yote mawili pamoja na nusukaputi 24,000, na maabara 6,500. Jumla 42,000. Alinichorea duara kwenye yale ya lazima: damu, kwa sababu paka wa umri ule mara nyingi figo zake huwa zimechoka na nusukaputi huzielemea, na operesheni. Eksirei alinishauri, hakunilazimisha. Nusu nililipa kwa M-Pesa siku ya operesheni, nusu mwisho wa mwezi, na hakuna aliyenipigia simu za kunidai.

Nyumbani mjadala ulikuwa mkali, na haukuwa wa upuuzi. Kakangu aliniuliza nitaitoa wapi 42,000 na ada ya watoto Januari iko mlangoni. Yeye alimpenda Bafta tangu ni kinda, lakini hesabu ni hesabu, na swali lake lilikuwa la haki. Mamangu aliniuma pahala pengine. Huyu ndiye aliyetulea kwa hadithi ya yule mwanamke aliyemfungia paka bila chakula akastahili moto, na hamwachi paka yeyote wa kichochoroni kulala na njaa. Nilidhani atakuwa upande wangu. Akaniambia, "Mwanangu, mnyama hajui kwa nini anakatwa. Angalia usimtese kwa sababu wewe ndiye huwezi kuagana naye."

Swali hilo nililichukua vilevile lilivyo, nikampigia daktari. Hakunibembeleza. Alisema nipime siku za maumivu pande zote mbili: akikatwa, wiki mbili hivi, tena akiwa na dawa, akiachwa, miezi, na kila mwezi mbaya kuliko uliopita. Upande wa pua mizani iligeuka. Kidoa bado kidogo, hakimuumi, na operesheni yake ingemtoa paka mzee kwenye kula na kunusa kwa muda mrefu, kwa faida asiyoweza kuniahidi. Basi tukaamua hivi: damu kwanza, figo zikiwa mbovu, hatukati chochote. Figo zikiwa salama, masikio ndiyo, pua hapana. Figo zilikuwa salama. Mamangu aliridhika na hilo. Kakangu hakuridhika, ila alichangia.

Siku ya operesheni tulimchukua jioni ileile. Mimi hutazama mshono kwa kazi, na ule niliutazama kama ninavyotazama wa mwanafunzi wangu. Uzi mwembamba mweusi, hatua sawa kutoka mwanzo mpaka mwisho, ngozi imekutana na ngozi bila kuvutwa wala kukunjamana. Kichwa kimekuwa cha mviringo, na wageni wakija hushtuka. Bafta mwenyewe hana habari. Hakuwa ametoka chini ya kitanda tangu arudi, mpaka mamangu alipokalia mbuzi jikoni kukuna nazi. Kusikia tu mkwaruzo wa kwanza, huyo, akaja akakaa mbele ya mbuzi kungoja haki yake. Kiungo cha kusikilizia kimo ndani ya fuvu. Sikio la nje hukusanya sauti tu.

Dawa ya maumivu tulipewa ya maji, na bomba lake limetiwa alama ya kipimo. Kwenye karatasi ya maelekezo wameandika kwa wino mwekundu: PANADOL MARUFUKU. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo, na kidonge kimoja cha miligramu 500 chatosha kumuua. Najua nyumba ambazo humpa paka robo kidonge kwa huruma. Msifanye hivyo.

Sasa ile nyota. Chumba cha kungojea ni kimoja kwa mbwa na paka. Tuliketi karibu na mbwa mkubwa aliyebweka bila kukoma, na Bafta akajikojolea ndani ya kapu. Pazia tu lingetosha. Kola ya plastiki waliyomvisha asijikune mshono ilikuwa ya mbwa, ikimgonga kila mlangoni. Niliivua nikamshonea nyingine kwa kitambaa na sponji, na daktari alipoiona aliniagiza nyingine kumi. La mwisho ndilo zito. Kipande cha sikio kilipelekwa maabara Nairobi, na majibu yalipofika hakuna aliyetuarifu. Niliyapata kwa kupiga simu mwenyewe. Yalisema ni saratani kweli na kingo za mkato ziko safi, hazina saratani. Habari njema kama ile ilikuwa imelala kwenye faili yao, na sisi nyumbani tunahesabu usiku. Mtu anayengojea jibu la saratani apigiwe simu siku hiyohiyo, hata kama mgonjwa ni paka.

Kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni Bafta sasa haruhusiwi nje. Amelia mlangoni, amezoea. Mafuta ya watu ya kukinga jua tumekatazwa, kwa sababu paka hujilamba na baadhi ya yaliyomo ni sumu kwake. Pua tunaipiga picha kila mwezi na sarafu ya shilingi pembeni. Kidoa kimekua, kidogo. Tumekubaliana na daktari kwamba siku Bafta atakapoacha samaki na kuacha kujisafisha, nitampigia, naye atakuja nyumbani. Gharama ya kuja ni juu kidogo, na nimeshaitenga.

Kwa chanjo na minyoo, yeyote aliye karibu nawe atakufaa. Kwa kidonda kisichopona au kivimbe, vuka daraja uende hapa. Omba nafasi ya kwanza asubuhi kabla mbwa hawajajaa, mtie paka kwenye kapu la ukili ulifunge kifuniko kwa kamba, na ukiacha kipande cha maabara, chukua namba ya simu uulize mwenyewe. Jumapili wamefunga.