Antalya bila gari wala teksi: uzoefu wangu na shangazi

Shangazi yangu hakuja Uturuki kuangalia majengo. Mimi nasoma Konya, mji wa uwandani ambako bahari tunaiona kwenye kalenda tu, na yeye kwake ni Tanga. Siku ya nne akaniambia, "Mwanangu, huku nakauka. Nipeleke nikasikie wimbi." Ndiyo tukaenda Antalya kwa siku tano, tena kwa pesa ya mwanafunzi: hakuna kukodi gari, hakuna teksi, hakuna kifurushi cha hoteli chenye basi la kuja kukupokea.

Kwanza, treni haifiki Antalya. Wageni wakisikia kwamba Uturuki ina treni za kasi (Ankara na Konya zimeunganishwa tangu 2011) wanadhani watateremka ufukweni. Hapana. Ni ndege au basi. Sisi tulipanda basi, kilomita kama 300, saa tano na kidogo pamoja na kusimama njiani kula.

Mabasi ya masafa ya huku nayasifia bila kusita. Siti ziko mbili upande mmoja na moja upande wa pili, na unapokata tiketi unaulizwa jinsia, kwa sababu mwanamke aliye peke yake hakalishwi ubavuni mwa mwanamume asiyemjua. Shangazi alilipenda hilo kuliko yote yaliyofuata. Baadaye mhudumu akapita na kitoroli: chai, maji, keki ndogo ya pakiti. Kisha akaja na chupa ya kolonya, abiria wanakinga viganja, yeye anamimina. Shangazi alikinga, akanusa, akajipaka mpaka shingoni kama tuko kwenye maulidi na mrashi unazunguka. "Kumbe hawa wenzetu," akasema.

Njia inapanda Milima ya Toros, kisha inashuka kuelekea Manavgat, na hapo masikio yanaziba. Ukitoka Konya na sweta, utalivua kabla ya kufika chini. Joto lile lile la nyumbani, lenye unyevu.

Stendi kuu ya Antalya inaitwa Otogar, na tramu ina kituo hapo hapo. Huu ndio uzuri wa kwanza wa mji: unashuka na begi lako, hutafuti mtu wa kukubebea wala dereva wa kubishana naye bei. Tramu hii, wanaiita AntRay, ilianza 2009 na mwaka 2016 ikaongezwa hadi uwanja wa ndege. Unatumia kadi, Antalyakart, inayouzwa kwenye vibanda na mashine; waliozoea mwendokasi wa Dar hawatapata shida. Kadi za benki za kugusisha nazo zinakubalika. Bei siziandiki, kwa sababu lira inashuka na nauli inapanda, mtakuja kuniita mwongo. Ila mashine ya kuongezea salio ukiipa noti kubwa usitegemee chenji. Noti yote inaingia kwenye kadi, basi.

Kadi moja tuligusisha mara mbili, nauli yangu na ya shangazi. Kwenye geti mimi nikapita. Yeye akagusisha, mashine ikalia vibaya na sauti ya mwanamke ikasema kitu chenye neno *bakiye*. Nikataka kumweleza, akanikatiza: "Nimesikia. Hakuna baki." Bakiye ni salio, na hakuhitaji mkalimani. Tangu hapo akawa anawinda maneno dirishani. *Dakika* kwenye ubao wa vituo ni dakika. *Meydan*, kituo kikubwa cha njiani, akakitambua kuwa ni medani. Mnara wa saa wa mji mkongwe unaitwa *Saat Kulesi*. Na siku tuliyoona kibao cha *Sahil* chenye mshale kuelekea ufukweni, alisimama pale kama mtu aliyekutana na ndugu aliyepotea.

Kwa mji mkongwe, Kaleiçi, shukeni kituo cha İsmetpaşa mtembee. Begi la magurudumu ni adhabu kwenye vichochoro vile vya mawe. Tungekuwa na akili tungebeba mabegi ya mgongoni. Ila bandarini huna haja ya kuteremka ngazi zote, kuna lifti ya bure kutoka juu ya jabali. Nasema hivi kwa ajili ya wenye magoti kama ya shangazi.

Kuna pia tramu ndogo ya kizamani inayopita kando ya mji mkongwe, mabehewa yake yalitoka Nuremberg, Ujerumani. Inapita mbele ya Lango la Hadrian, lililojengwa mwaka 130 kwa ajili ya ujio wa mfalme huyo wa Roma. Kama kitu cha kupigia picha, ni nzuri. Kama usafiri, hapana: tulisubiri karibu nusu saa kwa safari ambayo tungeimaliza kwa mguu. Basi lililotufaa zaidi ni KL08, linalotoka upande wa Konyaaltı hadi Lara, yaani fukwe zote mbili kubwa kwa basi moja. Konyaaltı ni kokoto, leteni ndara. Upande wa Lara tulishuka kuona maporomoko ya chini ya Düden, mto unaodondoka kutoka kwenye jabali la mita 40 hivi na kuingia baharini moja kwa moja. Basi lenyewe jioni linajaa mpaka mlangoni, na AC inakuwa jina tu.

Sasa dolmuş, yaani daladala ya Kituruki. Neno hili linatokana na kujaa. Dolmuş maana yake "imejaa". Sisi tuliita magari yetu daladala kwa sababu ya dala, sarafu ya shilingi tano. Wenzetu waliyaita kwa hali yake. Ndani ya mji wa Antalya siku hizi hata magari madogo yanatumia kadi. Ukitaka dolmuş ya kulipa taslimu, toka nje ya mji. Sisi tulikwenda kijiji cha Çıralı, kupitia upande wa pili wa Otogar unaohudumia wilaya, kwa gari la kwenda Kumluca.

Tukakaa. Gari likaondoka. Shangazi akageuka nyuma, akageuka mbele. "Konda yuko wapi?"

Hakuna konda. Mtu wa nyuma anampa noti aliye mbele yake, naye anampa wa mbele yake, mpaka inafika kwa dereva, pamoja na maelezo: wawili, wanashuka mahali fulani. Dereva mkono mmoja uko kwenye usukani, mwingine unahesabu sarafu, na chenji inarudi kwa njia ile ile. Mama mmoja wa nyuma alimgusa shangazi bega akampa noti ya lira mia mbili bila hata kumtazama usoni. Shangazi aliishika kama yai, akaipitisha. Chenji iliporudi akaihesabu kwanza, eti kwa usalama, ndipo akampa mwenyewe. "Gongo la Mboto hii noti ingefika?" akaninong'oneza. Sikujibu, nina ndugu Gongo la Mboto.

Kushuka hakuna kugonga bodi. Unasema *müsait bir yerde*, yaani mahali panapofaa, na dereva anatafuta pa kusimama. Ni "shusha" yenye adabu.

Sisi tulishushwa kwenye makutano ya barabara kuu, na hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanzia. Kutoka makutano hadi kijijini ni kilomita saba za mteremko wenye kona, na gari dogo la kushuka huko haliondoki mpaka dereva aridhike na idadi. Kwenda tulisubiri dakika ishirini, sawa. Kurudi tulikaa kijijini saa nzima na nusu, abiria sita, jua linazama, dereva anakunywa chai. Mwishowe akasema tukilipia siti mbili zilizobaki tutaondoka. Tukachanga. Jina la gari si pambo, lazima lijae, hata kwa siti za hewa. Ukienda, uliza asubuhi gari la mwisho linaondoka lini, na usimuulize dereva mmoja tu.

Lakini moto wa Yanartaş tuliuona. Juu ya kilima, gesi inatoka kwenye nyufa za mwamba na inawaka yenyewe tangu enzi za kale. Shangazi alipanda ngazi za mawe kwa vituo vinne, akafika, akakaa, akatazama. "Na sisi mtungi mdogo tunaununua kwa deni."

Siku ya mwisho yeye alikuwa anaruka kwenda Istanbul, kisha Dar. Uwanja wa ndege wanauita *havalimanı*: hava ni hewa, liman ni bandari. Tukapanda tramu tukiwa na raha, na baada ya vituo kadhaa nikaona ubao wa mbele umeandikwa Expo, mwisho wa tawi jingine la tramu. Njia ni moja mwanzoni, mwisho inagawanyika, na mimi nilipanda ya kwanza iliyokuja. Tulishuka kabla ya kugawanyika na kungoja inayofuata, shangazi akinitazama bila neno, jambo ambalo ni baya kuliko maneno. Someni ubao, si rangi ya tramu. Pia tembeeni na muda wa ziada, maana terminali haziko pamoja na kituo cha tramu hakiko karibu na zote.

Usafiri wa Antalya naupa nyota nne. Moja imebaki kwa dereva wa Çıralı na chai yake.

Nilirudi Konya peke yangu usiku ule, na kwenye geti la tramu ya Antalya, kabla ya kuondoka, nikapekua mifuko yote bila kuiona kadi. Kesho yake shangazi akanitumia picha kutoka Tanga: Antalyakart juu ya kitambaa cha meza, karibu na kikombe. Chini ameandika, "Mwanangu, ina bakiye?"