Kutoka Kaloleni mpaka bichi ya Pirates, Mombasa, na kurudi siku hiyo hiyo (uzoefu wangu, mara mbili)

Mimi nakaa Mishomoroni, Mombasa, lakini kwa shangazi ni Kaloleni, kule kwenye minazi, ambako ukifika saa nne asubuhi unapewa kiti na kikombe kabla hata hujaulizwa habari za mjini. Likizo ya Desemba watoto wake wakanishika, ati kila mwaka tunaskia bahari bahari na wewe unakaa huko huko, tupeleke basi. Nikasema sawa, Jumamosi.

Shida ya kwanza ilikua mumewe shangazi, ambae ni mgema. Mgema hana wikendi jamani, asubuhi anapanda, jioni anapanda tena, asipoenda kukata ule mkono wa ua la mnazi unaziba na ukiziba hapo ndo umepoteza. Kwahiyo mzee akasema naenda lakini saa kumi na moja niwe chini ya mnazi wangu, hilo sio la kujadili. Ukihesabu safari ya kwenda na kurudi bahari unaipata kama masaa manne tu.

Bichi zenyewe nilizofikiria: Diani ni nzuri hakuna ubishi, na mwenye gari yake sa hii anakata Miritini anapita Dongo Kundu feri haioni kabisa, lakini sisi ni watu wa matatu na watoto watano, kuvuka feri ya Likoni na ule umati nikaona hapana. Bofa ya Kilifi ndio ingekua rahisi zaidi, Kaloleni unatokea Mavueni alafu hapo Kilifi, mchanga mweupe na hakuna fujo, ila watoto wakakataa, wanataka ngamia. Nyali nayo mchanga wake mzuri lakini njia za kuingilia ni vichochoro katikati ya mahoteli, na ukishafika ukiwa na njaa utakula mchanga huo huo. Ikabaki Pirates, yaani Jomo Kenyatta pale Bamburi, bichi ya kila mtu.

Tukatoka mapema, tukapitia Mazeras. Mzee alikua amebeba mnazi, yaani pombe aliyoigema asubuhi, kwenye chupa ya soda, ati wa njiani, na akakaza kifuniko. Mtu anagema miaka thelathini anakaza kifuniko! Mnazi haulali, unazidi kuchacha tu, chupa ikafura ikafura tulipofika Changamwe kwenye foleni ya malori ikapiga pwaa, matatu nzima ikanuka mangwe, ile pombe ya mnazi iliyochacha. Kondakta hakuongea na sisi tena mpaka mwisho.

Sasa tumefika Pirates saa nne na nusu, watoto wanakimbia na nguo za kuogelea, tunateremka mchangani... bahari hakuna. Naapa. Maji yametoka yamekwenda huko mbali karibu na mwamba mawimbi yanapopasukia, huku kwetu ni mwani na vidimbwi na mashua zimelala upande. Shangazi akaniangalia akasema mwanangu, hii ndio bahari? Mdogo wao akaenda kutembea kwenye vidimbwi akakanyaga kale kadude keusi ka miiba mirefu, kilio, tukaanza kutafuta papai la kupaka.

Muuza madafu mmoja ndo alinipa darasa. Akaniuliza jana usiku hukuuona mwezi? Leo ni kumi na tano ya mwezi wa Kiislamu, bamvua hii, maji yanatoka sana asubuhi na yatajaa saa kumi. Mimi mtoto wa Mombasa nimezaliwa hapa nikaona aibu kweli, kwa sababu haya mambo babu aliyajua bila simu. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, bahari hapa kwetu inapanda na kushuka zaidi ya mita 3, na saa nne hivi asubuhi inakua chini kabisa. Sisi saa nane tunatakiwa tuondoke, na maji hapo ndo yanatufikia. Watoto walipanda ngamia, wakala viazi karai na mhogo wenye pilipili na ndimu, wakaogelea dakika ishirini kwenye maji ya magotini. Na jamaa wa kukodisha tiubu alisema mia kwa nusu saa, tulipomaliza ikawa mia kwa kila mtoto, elewaneni kabisa kabla hamjashika kitu.

Mzee yeye hakulalamika. Alikaa anaangalia minazi ya hoteli ya jirani, akasema minazi yote hii na hakuna hata mmoja unaogemwa.

Nikaomba nafasi ya pili, Jumamosi iliyofuata. Saa ile ile, mahali pale pale, na lo, bahari iko pale! Wiki moja tu baada ya bamvua ni maji mafu, hayajai mpaka ukutani na hayatoki mbali, lakini saa nne asubuhi yalikua juu, kifuani kwa mtoto mkubwa, hayana mwani mwingi, watoto wakaingia mpaka saa saba wametoka vidole vimekunjamana. Tiubu tulienda na yetu. Watu walikua wengi, Pirates wikendi ni kama soko la Kongowea, mabegi lazima mtu mmoja ayakalie, siku hiyo alikua mimi.

Kwahiyo Pirates siku ya kwanza naipa 2 kwa 5, siku ya pili 4, na bichi ni ile ile. Anaekaa mjini aende tu siku yoyote jioni, ila ukitoka mbali na una saa ya kurudi, tizama mwezi kwanza alafu ndo uchague bichi, na ukiangukia bamvua bora ulale huko huko mjini.

Shangazi mara hii ya pili alichota maji ya bahari galoni ya lita tano apeleke nyumbani, ati ni dawa ya miguu. Matatu ya kurudi tulidaiwa nauli ya galoni. Kifuniko alikaza yeye mwenyewe, mzee hakuruhusiwa kuishika.