Titani ya Dola 1,150 na Baraka Niliyoikosa

Kamera ya simu yangu ilijifunga Nkambo akiwa ameinua mkono wenye pemba, ule udongo mweupe wa baraka. Ninaomba msomaji aniwie radhi kwa kuanzia hapo badala ya kuanza na uzuri wa simu yenyewe, lakini tangu siku ile siwezi kuifikiria simu hii bila kuona kile kioo cheusi na maneno machache yaliyoniarifu kwamba simu imepata joto kupita kiasi na inahitaji kupoa. Ilikuwa mwezi wa kumi, au labda mwisho wa mwezi wa tisa, wakati ambapo mijakaranda ya Lubumbashi, huku kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, huwa imechanua na mvua bado haijaja. Tulikuwa uani kwetu Katuba, mchana, chini ya turubai, na wakwe zetu watarajiwa walikuwa wamekwisha kukabidhi mahari ya binti yangu mkubwa. Nkambo, mama mzazi wa mama yangu, ambaye umri wake umepita miaka 90, aliinuka kwa taabu, akashikiliwa na wajukuu wawili, akaanza kumbariki kitukuu wake kwa Kiluba cha zamani ambacho hata mimi sikielewi chote. Nilikuwa nimerekodi kwa dakika kama 20 bila kukatiza. Kioo kilikuwa kimeanza kufifia, nikadhani ni jua na macho yangu, kisha kikazima. Nilikimbilia kivulini, nikaipepea simu kwa kofia, na ilipokubali tena kufungua kamera, baraka ilikuwa imekwisha na akina mama walikuwa wameshaanza vigelegele. Nilimwomba Nkambo arudie. Alinitazama kwa muda, akasema baraka hairudiwi.

Simu hiyo niliinunua miezi michache kabla ya hapo kwa dola 1,150, katika duka moja la mjini ambalo silitaji, kama ambavyo sitaitaja kampuni iliyoitengeneza. Ukubwa wa kioo, idadi ya kamera na mengine ya aina hiyo yameandikwa kwenye boksi, na sina haja ya kuyarudia. Ninachokumbuka ni mambo mawili ambayo muuzaji aliyashikilia kama mhubiri: kwamba fremu ni ya titani, metali inayotumika kwenye injini za ndege, na kwamba prosesa, yaani chipu iliyo ubongo wa simu, ni ya nanomita 3, ya kizazi kipya kabisa. Aliigonga fremu kwa ufunguo wake ili nisikie mlio. Mimi ni mtoto wa mji wa madini; mtu akinieleza habari za metali nzuri, namsikiliza. Nikalipa, naye akazikagua noti zangu moja moja mbele ya taa, akanirudishia mbili kwa sababu ya mpasuko usioonekana hata kwa mwenye macho mazuri. Mtu aliyekuwa mkali namna hiyo juu ya karatasi zangu, nilitarajia angekuwa mwaminifu kwa kiwango hicho hicho juu ya kifaa chake.

Siku chache baada ya mahari nilirudi dukani na karatasi ya garanti mkononi. Kijana yule yule hakuinuka. Aliishika simu kwa vidole viwili, akaigeuza, akasema haina kasoro yoyote, kwa sababu simu inayojifunga inapopata joto inajilinda, na kujilinda si kuharibika. Hadi hapo ningeweza kuvumilia, maana alichosema ni kweli. Lakini alipoona bado nimesimama, aliongeza kwa sauti ya kusikika na wateja wote: «Papa, simu ya namna hii si ya kurekodia mahari chini ya turubai. Kwa kazi hiyo ungenunua ya dola 150.» Watu wawili walicheka. Nilimjibu: «Mwanangu, ulipokuwa unahesabu pesa yangu hukuniuliza nitarekodi nini.» Hakunijibu, alikuwa ameshamgeukia mteja mwingine, na fremu nyingine ilikuwa tayari inagongwa kwa ufunguo.

Nilitembea kwa miguu hadi nyumbani, nikiwa na hasira iliyonifanya nisahau kwamba magari yapo. Hasira hiyo ndiyo iliyonisukuma kwenda kuuliza jambo ambalo ningepaswa kuliuliza kabla ya kutoa pesa. Baba yangu alifanya kazi miaka mingi Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, kwenye kiyeyusho cha shaba cha hapa mjini, kile ambacho wazee wanajua kilianza kuyeyusha mwaka 1911 wakati wa Union Minière, kampuni ya madini ya enzi ya ukoloni. Hajawahi kushika simu ya thamani hiyo, lakini joto analijua kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Nilipomsifia ugumu wa titani, alisema: «Ugumu sijakuuliza. Nakuuliza joto linatokea wapi.» Kisha akatia ndani ya kikombe cha chai inayochemka kipande cha waya mnene wa shaba pamoja na kijiko cha chuma kisichoshika kutu, akaniamuru nishike ncha zote mbili. Waya nikauachia mara moja. Kijiko nilikishika hadi nilipochoka mwenyewe.

Aloi ya titani, yaani titani iliyochanganywa na metali nyingine, inayotumika kwenye fremu za simu hupitisha joto kidogo kuliko hata kijiko kile, takriban nusu yake. Shaba huipita aloi hiyo zaidi ya mara 50, na alumini, ile ya familia moja na masufuria tunayopikia bukari, ugali wetu, huipita zaidi ya mara 20. Sisemi kwamba titani inasifiwa bure: ina uzito unaokaribia nusu ya uzito wa chuma, haishiki kutu, na haipindiki kwa urahisi. Lakini sifa hizo ni za kitu kinachoanguka, na simu yangu haikuanguka. Ilikuwa mikononi mwangu, imetulia, ikifanya kazi moja niliyoinunulia.

Isitoshe, titani yenyewe hata siigusi. Siku ile ile ya kununua, muuzaji aliniuzia kava nene la mpira, akinionya kwamba kioo cha mgongoni kikipasuka nitajuta, kwa kuwa kukibadilisha ni gharama kubwa. Kwa hiyo nililipia metali ya ndege, nikalipia kioo cha kupendeza, kisha nikalipia mpira wa kuvificha vyote viwili na kulizuia joto lisitoke. Vijana wa mtaani kwetu hubishana usiku kucha kama titani ni bora kuliko alumini na kama kioo ni bora kuliko plastiki, na simu zao zote zimevaa mpira. Plastiki ambayo wote wanaidharau haipasuki kama kioo, na ingeniepusha na lile kava.

Hapa, hata hivyo, ninalazimika kuwa mwadilifu, ingawa moyo hautaki. Katika baadhi ya simu titani ni mkanda wa nje tu. iPhone 15 Pro ya mwaka 2023 ina kiunzi cha alumini ndani ya mkanda wake wa titani, na wateja walipolalamika kwamba inapata joto, Apple ilieleza kwamba chanzo ni kasoro ya programu pamoja na baadhi ya apu, si titani, ikatoa sasisho. Ninakubali maelezo hayo. Lakini ninakumbuka pia kwamba Septemba 2025 kampuni hiyo hiyo ilitoa iPhone 17 Pro yenye mwili wa alumini, na ndani yake ikaweka chumba cha mvuke, yaani kibati chembamba kilichofungwa pande zote, ambamo maji kidogo hugeuka mvuke juu ya prosesa, husambaa hadi upande wenye ubaridi, hupoa na kuwa maji tena, kisha hurudi. Simu nyingine za bei kubwa zimekuwa na kitu hicho kwa miaka kadhaa, na mara nyingi kibati hicho hutengenezwa kwa shaba. Nilipomsomea Baba habari hiyo alinyamaza, akaniomba nisome tena sehemu ya shaba.

Basi labda kosa si la titani bali la prosesa. Juu ya prosesa nimesikia ubishi mwingi kuliko wa metali, hasa ule wa Snapdragon na Exynos, majina mawili ya prosesa, kwa sababu Samsung imewahi kuuza simu ya jina moja ikiwa na prosesa tofauti kulingana na nchi: Galaxy S24 ya kawaida ilikuja na Exynos 2400 katika nchi nyingi na Snapdragon huko Marekani, ilhali S24 Ultra ilipewa Snapdragon kila mahali. Watu wanauliza ipi ina kasi zaidi. Mimi sasa ninauliza ipi inaitunza kasi yake baada ya dakika 20, kwa maana kasi inayotangazwa ni ile ya dakika za mwanzo, kabla joto halijailazimisha prosesa kupunguza mwendo. Hata hizo nanomita 3 si kipimo cha sehemu yoyote ya prosesa ambayo mtu angeweza kuipima. Ni jina la kizazi tu, kama vile tunavyotaja matoleo ya magari. Prosesa ya namna hiyo ni kama injini ya lori iliyowekwa kwenye chumba kisicho na dirisha, na kila mwaka injini inaongezwa nguvu huku chumba kikizidi kuwa chembamba.

Watengenezaji wakubwa huandika, kwa herufi ndogo, kwamba simu itumike mahali ambapo joto la hewa halizidi nyuzi 35. Lubumbashi iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na si mji wa joto kali. Mwezi wa kumi tunapita nyuzi 30, basi. Lakini chini ya turubai lenye watu mia moja, na jua la saa nane likiwa juu yake, hewa haiko kama ilivyo kivulini chini ya mwembe. Mikutano yetu yote mikubwa, mahari, matanga, ubatizo, hufanyika chini ya turubai. Simu isiyoweza kukaa nasi hapo haijatengenezwa kwa ajili yetu, na ingekuwa haki muuzaji aseme hivyo kabla ya kuhesabu noti.

Kuna jambo jingine ambalo nililijua baadaye, na ambalo limenipunguzia haki ya kupaza sauti. Mpwa wangu alikiri kwamba asubuhi ile aliiwasha simu yangu igawe intaneti kwa vijana wenzake, na hakuizima. Kwa hiyo wakati nikirekodi video ya ubora wa juu kabisa, kioo kikiwa na mwanga wote, simu ilikuwa pia ikiwahudumia vijana sita. Nilipofanya jaribio nyumbani, bila kava na bila kugawa intaneti, ilirekodi dakika 40 bila kulalamika. Ilinibidi nikae chini. Kwa wiki nzima niliwaambia watu kwamba simu haina kosa, kosa ni letu. Kisha nikarudia jaribio lile lile uani, mchana, na kwenye dakika ya 25 kioo kikaanza kufifia tena.

Katika miezi ya baridi, Juni na Julai, sina neno baya la kuisema. Picha zake za usiku zinanistaajabisha. Ilimpiga Baba picha akiwa kando ya mbabula, jiko letu la makaa, na kila kunyanzi la uso wake linaonekana. Betri inamaliza siku nzima hata umeme ukikatika asubuhi. Iliwahi kuanguka kutoka juu ya meza hadi kwenye saruji na fremu haikupata hata mkwaruzo, jambo ambalo linanilazimu kuirudishia titani heshima niliyoinyang'anya aya chache zilizopita. Mtu akiniuliza mwezi wa saba kama ainunue, nitamwambia anunue. Akiniuliza mwezi wa kumi, nitamwonyesha video inayoishia kwenye mkono wa Nkambo.

Hata hivyo ninapoandika haya, maneno ya yule kijana yananirudia, na kila kitu kizuri nilichokiandika kinachacha. Betri za simu hizi hutengenezwa kwa kobalti, na zaidi ya thuluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka katika nchi yangu, sehemu kubwa kutoka huku kwenye mikoa ya Lualaba na Katanga ya Juu. Shaba ninayoikosa ndani ya simu yangu huenda Baba ameimimina kwa mikono yake. Na mtu aliyezaliwa katika mji huu huu ananiambia mbele za watu kwamba simu ya namna hii si ya kurekodia mahari yetu. Jambo hilo garanti haiwezi kulitengeneza.

Uchungu zaidi ni kwamba alisema kweli. Binamu yangu, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa, alirekodi baraka yote kwa simu ya plastiki ya bei ndogo sana, yenye prosesa ambayo hakuna kijana wa mtaani anayeijua jina. Haikufifia wala haikuzima. Picha ina ukungu, Nkambo anaonekana mdogo kama kidole, na sauti yake inasikika kwa mbali kupita vilio vya watoto. Maneno matatu au manne hatujayaelewa hadi leo. Lakini ndiyo tuliyo nayo, na nimeihifadhi ndani ya simu yangu ya dola 1,150.

Mdogo wake binti yangu ameshaletewa barua ya posa, na wakwe wamependekeza mwezi wa kumi. Nkambo bado yuko, ingawa sasa anasemea chini zaidi. Nimeivua simu kava, nimeizima ile ya kugawa intaneti, na nitakuja nayo. Lakini nimeshamwomba binamu yangu afike mapema na simu yake, akae mstari wa mbele, upande wa Nkambo.