Blenda ya 18,000 imeangushwa na gia ya plastiki: uzoefu wangu

Mota ya hii blenda haina shida, hiyo wacha niseme mapema ndio mtu asifikirie nina chuki na mashine. Njugu nilizokuwa napeleka kusagwa sokoni sasa nazisaga kwangu mpaka zinatoa mafuta, nyanya na hoho zinaisha kabla sijatafuta kifuniko kiko wapi, na barafu hata sitaki kuongea. Kwa nguvu, sina maneno.

Shida ni gia. Kuna kagia kadogo ka plastiki kanakaa juu ya mota, jagi ukiiweka inashikana nako ndio visu vizunguke. Sasa si juzi juzi hapa niko katikati ya kusaga njugu za kuweka kwa mboga, nasikia krrrrr, mota inalia, visu vimesimama tu hapo vinaniangalia. Kutoa jagi hivi, meno yote ya ile gia yamelika, imebaki laini kabisa. Na jikoni kunanuka plastiki iliyoungua.

Hii kitu iligharimu 18,000 na chenji kidogo. Blenda, sio frieji. Baba watoto aliniuliza wakati huo kama hiyo blenda pia inafua nguo. Nikamwambia atulie, hizi za 2,500 tumechoka nazo, kila ukiweka kitu ngumu zinatoa harufu ya waya na inabidi uzime uingoje ipoe, na yule kijana aliyeniuzia alikuwa amenieleza vizuri sana, mama, rahisi ni ghali, nunua hii mara moja usahau. Nilisahau kweli, mpaka waranti ikiwa bado haijaisha gia ikanikumbusha.

Nikabeba mashine kwa karatasi yake na risiti yake (mimi huwa natunza risiti, hata ya kiberiti) nikaenda kwa hilo duka tauni, silitaji jina. Jua la Kisumu mnalijua. Kufika kwa kaunta ya huduma, kijana yuko na simu, hajainua macho, ananiuliza kama nilikuwa natumia kifaa cha kuzuia stima ikizidi nguvu. Nikamwambia stima haijafanya kitu, ni gia. Hapo ndio akaangalia, kwa sekunde hivi, akasema hiyo imeisha kwa matumizi na waranti haishiki vitu vinavyoisha kwa matumizi. Sawa, nikasema basi niuzie gia. Haiuzwi pekee yake. Inauzwa na nini? Na jagi na kitako chake, seti nzima, na bei ya hiyo seti inanunua blenda tatu za kawaida na unarudishiwa pesa ya mboga. Na hata hiyo seti haiko Kisumu, inaagizwa Nairobi, lini itafika hajui.

Nikamuuliza, kwa heshima kabisa, sasa wewe unaona ni haki kweli mtu anunue jagi nzima juu ya kitu kidogo hivi? Akanijibu, na nitamnukuu vile alivyosema: "Madam, kama pesa ni shida si kuna zile za Kibuye."

Kama pesa ni shida! Mimi niliyekulipa elfu kumi na nane kesh, sio lipa pole pole. Na alisema kwa sauti, kuna mama alikuwa nyuma yangu na pasi yake akajifanya anasoma bango ukutani, lile la bidhaa zikishauzwa hazirudishwi. Nilitaka kumjibu maneno yakaisha mdomoni. Yalikuja yote nikiwa kwa boda, unajua vile huwa, jibu tamu linakuja ukiwa umeshafika Kondele.

Basi nikaenda hiyo Kibuye aliyonituma, soko letu la hapa Kisumu. Tena nilienda na hasira nikifikiri nikipata gia hapo nitairudisha dukani nimwonyeshe.

Kuna mzee pale kwa mafundi, sisi wote tunamwita jaduong', ndio amekuwa akinitengenezea zile blenda zangu za bei ya chini. Ana debe limejaa gia za kila aina, unachagua kama unachagua omena. Mia moja, mia moja hamsini, anakufungia hapo hapo ukingoja, na ukifika nyumbani ikikataa unarudi, hakuna bango ukutani linakufukuza. Kaboni za mota anazo, swichi anazo, zile raba za kuzuia maji yasivuje chini ya visu anazo. Sasa akachukua mashine yangu, akaigeuza geuza, akasema, "Nyathina (yaani mwanangu), hii ni mashine nzuri. Lakini sina kitu yake." Meno ya gia yake si sawa na ya hizi zingine, na chuma cha katikati ni kinene. Alijaribu ya karibu karibu, ikakaa kidogo ikaruka.

Halafu akaniambia kitu kilichonimaliza nguvu. Mimi nilikuwa nimeshikilia kwamba ni wizi, mnauziaje watu mashine ya pesa hiyo na gia ya plastiki, si mngeweka chuma. Akasema hapana, plastiki imewekwa makusudi. Visu vikikwama kwa kitu ngumu, lazima kitu kivunjike, na afadhali ivunjike gia ya mia kuliko mota iungue. Yaani ile gia imefanya kazi yake vile inatakiwa. Imekufa ndio mota ipone. Sasa hapo hasira yangu kwa waliotengeneza ikabaki bila mahali pa kukaa, kwa sababu hesabu yao ni nzuri kabisa, ila ukishaweka kitu ambacho kazi yake ni kuvunjika, na hukiuzi, hapo sasa umefanya nini? Umeniuzia mota ya kudumu miaka kumi, halafu ukaifunga kwa kitu cha mwaka mmoja na ufunguo ukabaki nao wewe.

Nilifanya hesabu usiku nikiwa siwezi kulala (kwa blenda, mtu mzima). 18,000 ukigawanya na 2,500 ni blenda saba na chenji. Hata kama hizo saba zingekuwa zinakufa moja kila mwaka, ni miaka saba. Na hazifi kila mwaka, ya mwisho ilikaa muda mrefu sana, jaduong' akiishonashona na gia za mia mia mpaka mota ikaungua na hapo tukaizika. Kwa hivyo hii ya bei kali ikitaka kunilipa inabidi ikae zaidi ya miaka saba, na ikae bila kuniitisha jagi katikati, jagi moja tu na faida yote imeenda.

Lakini hapo tena sitaki kudanganya watu, hesabu hiyo haina njugu ndani. Blenda ya 2,500 ukiipa njugu kavu unaiua, kwa hivyo nilikuwa nalipa mashine ya sokoni kila wikendi, na nauli, na foleni. Ukiweka hiyo, sijui tena. Kuna siku nahesabu inatoka ghali ni ya rahisi, kuna siku inatoka vingine. Inategemea nimekumbuka yule kijana wa kaunta ama sijamkumbuka.

Jirani yangu hapa Migosi ana kisa kinachofanana, yeye ni maikrowevu, ile ya kubonyeza kioo. Stima ikapotea vile hupotea, ikarudi na nguvu, kioo kikazima na hakijawahi kuwaka tena. Fundi anamwambia bodi ndio imeungua, na bodi ni karibu bei ya maikrowevu. Mamake kule Luanda ya Vihiga ana ile ya zamani ya kuzungusha kitufe, inapiga kengele kama ya shule, stima imeenda na kurudi kwake mara hazihesabiki na bado inapasha ugali. Hizi vitu za kisasa zina akili nyingi kwa stima yetu, hiyo ndio maoni yangu na sijasoma injinia.

Na msiniambie basi ninunue vitu rahisi vyote, juu pia hiyo si kweli. Godoro la bei ya chini nililala, nilijua, mgongo wangu ulijua, baada ya muda mfupi kuna shimo katikati mnakutana hapo mkipenda msipende. Lile zito la high density nililonunua baadaye kwa pesa ya kuumiza mpaka leo liko sawa. Sufuria pia. Nina zile nzito za jua kali za kumwagwa, aluminiamu nene, nilinunua bei ikanifanya nitembee nikarudi nikatembea tena, na ugali hauungui, na watoto wameziangusha wamechoka, wakati zile nyembamba za duka zimeshakuwa na matako ya duara hazikai kwa meko. Lakini sufuria ina gia? Godoro lina jagi? Hakuna mtu wa kaunta anasimama kati yangu na sufuria yangu. Ni hapo tu nimefika na mawazo yangu: kwa kitu kisicho na kipande cha kuisha, lipa, hata ukope. Kwa kitu chenye mota, kabla ya bei mimi sasa naenda kwanza kwa jaduong' namuuliza kama debe lake linaijua.

Wenzetu Ulaya wameshaona hii kitu. Tangu Machi 2021 sheria yao inalazimisha wanaotengeneza frieji na mashine za kufua wawe na spea kwa miaka kadhaa, saba au kumi hivi kulingana na kifaa, hata baada ya kuacha kuuza hiyo modeli. Na Ufaransa mwaka huo huo wakaanza kuandika alama kwa baadhi ya vifaa, kinakarabatika kiasi gani, unaona pale pale dukani. Sisi hapa tuna Katiba ya 2010, kifungu cha 46 kinasema mnunuzi ana haki ya bidhaa za ubora unaofaa na haki ya kupewa habari za kumsaidia azitumie vizuri, na kuna sheria ya kulinda wanunuzi ya 2012. Sasa habari kwamba gia haiuzwi, si hiyo ni habari? Mbona yule kijana wa kuuza hakuniambia wakati ananiuzia, badala ya kuniimbia rahisi ni ghali? Lakini ni nani ataenda kotini kwa sababu ya blenda. Wanajua hilo.

Mwisho wake ni kwamba wifi yangu anakaa Nairobi, nikamtumia picha ya gia na namba iliyo chini ya mashine, akazunguka Luthuli Avenue mchana mmoja akaipata. Gia pekee yake. Ile ambayo haiuzwi. 850! Si mia ya Kibuye, lakini pia si bei ya jagi. Ikaja na basi usiku nikaichukua stage asubuhi, jaduong' akaifunga akakataa pesa, nikamwachia ya chai kwa nguvu.

Na sasa inafanya kazi. Inafanya kazi vizuri sana, hiyo ndio inaniudhi. Leo nimesaga njugu za wiki nzima, imenguruma mara moja ikanyamaza, zimetoka laini. Nilikuwa nimepanga kuipa nyota moja, nikiangalia hizi njugu naona ni nne. Nikikumbuka "kama pesa ni shida" inarudi mbili. Wacha nigawanye, mashine nyota nne, duka sifuri, na hilo duka sirudi hata kununua betri za rimoti.

Nilimwambia wifi anunue gia mbili, moja iko kwa droo. Kama uko Kisumu na una mashine ya aina hii na gia imelika, chomoa stima kwanza, fungua kitako, shika ile mhimili ya mota kwa chini na bisibisi, halafu hii yangu gia inafunguka kwa kuzungusha kuelekea kulia, vile mshale wa saa unaenda, sio kushoto kama nati zingine, wameifanya hivyo ndio mota ikizunguka izidi kuikaza. Ukilazimisha kushoto utaikatia ndani, na hapo sasa utauziwa kila kitu.